Uyoga wa Nthenya na Mbuzi wa Katunge

Nilikula kwa Nthenya kabla ya kuambiwa kwamba kijijini kwake hakuna mtu anayekula kwa Nthenya.

Ilikuwa muthokoi, mahindi yaliyotwangwa hadi yakavua ganda, yakapikwa pamoja na mbaazi mpaka vyote vikalegea, juu yake vitunguu vilivyokaangwa hadi kuwa rangi ya udongo. Nilikuwa nimetoka Tseikuru siku hiyo, vumbi hadi kwenye kope, na nilikula bila aibu. Nthenya alisimama mlangoni, mwiko mkononi, kofia ya kiume kichwani, akinitazama kuanzia kijiko cha kwanza. Nimeketi kwenye meza nyingi, katika nchi ambazo baadhi ya lugha zake nilizijua nusu, na mpishi anayesubiri sifa namtambua. Huyu hakuwa akisubiri sifa. Alinitazama jinsi mkulima anavyotazama wingu ambalo halijaamua.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba sana, mama."

"Ongeza," akasema, na kijiko kikubwa kilikuwa tayari kimeshatua kwenye sahani.

Kesho yake, sokoni Migwani, mwenye duka aliyekuwa akinipimia sukari aliuliza kama mimi ndiye mgeni wa Mama Mbithi. Nikasema ndiyo, maana hilo ndilo jina wanalomwita Nthenya, kwa mwanawe wa kwanza.

"Umeamka salama? Tumbo liko sawa?"

"Liko sawa. Kwa nini?"

"Nauliza tu," akasema, akafunga mfuko wa sukari fundo moja zaidi ya lililohitajika.

Aliyenieleza ni Kowsar, ambaye ndiye aliyenileta huko. Kowsar ni mtafiti wa kuvu kwenye kituo kimoja karibu na Kibwezi, lakini alikulia Tseikuru, ambako baba yake, Mzee Duale, hununua mbuzi. Kikamba alikijua kwenye mnada wa mifugo kabla hajakijua Kiswahili darasani. Humwita Nthenya "mwaitu", yaani mama, na hulisema neno hilo kama mtu aliyezaliwa nalo.

Mwaka wa 2004, akasema, mvua ilikuja wakati mbaya. Mahindi yalivunwa yakiwa na maji, yakarundikwa ndani ya nyumba kwa kuogopa wezi na njaa, yakaota ukungu. Ukungu ule una sumu inayoshambulia ini. Kitui na Makueni walizika watu wengi mwaka ule, na mpaka leo mtu akitaja "mahindi yale" hakuna anayeuliza yapi.

Sasa, Wakamba wana mwethya. Majirani hukusanyika wakalima shamba la mmoja leo na la mwingine juma lijalo, wakichimba matuta ya kuzuia udongo usishuke na mvua. Hakuna anayelipwa. Mwenye shamba hupika, watu hula, na chakula hicho ndicho asante. Mwaka ule siku ya Nthenya ilipofika, alipika sufuria kubwa ya muthokoi. Mahindi yalikuwa na ukungu kidogo, akafanya walivyofanya wote: akayaosha, akayatwanga, akayachemsha na magadi, akaamini moto umemaliza kazi. Jirani yake Kisilu alikula sahani mbili na kusema kwa sauti kwamba angekuwa hajaoa angehamia pale. Majuma machache baadaye macho ya Kisilu yaligeuka manjano, tumbo likavimba. Hakuvuka mwezi uliofuata. Kila mtu alikumbuka zile sahani mbili.

Hakuna aliyemshtaki Nthenya. Pengine kushtakiwa kungekuwa rahisi zaidi, kwa sababu mshtakiwa hupewa nafasi ya kujibu. Msimu uliofuata, mjane wa Kisilu, Katunge, alimwambia mwenyekiti wa mwethya kwa upole mbele ya wote, "Tumpumzishe Mama Mbithi. Siku yake nitapika mimi." Tangu hapo ni hivyo. Watu wanalima matuta ya Nthenya, wananawa mikono kwenye mtungi wake, halafu wanateremka mlima kwenda kula kwa Katunge. Nthenya huteremka nao. Hubeba kuni.

Zaidi ya miaka ishirini, basi, mwanamke huyu amekuwa akipumzishwa.

Ukimtazama huwezi kujua. Ana sauti ya pili nzuri kanisani, na pengo la jino analolificha kwa kiganja kila akicheka, na kwa kuwa hucheka mara nyingi mkono wake haukai chini. Huongea na kila kitu. Huwaambia kuku watulie, humwambia punda wa maji asijifanye mgonjwa. Mumewe, Gedion, mzee mpole aliyerudi nyumbani baada ya maisha ya ulinzi mjini Mombasa, aliniambia kwamba alioa mke mmoja na redio moja na mpaka leo hajanunua betri.

Lakini mtazame na mahindi yake. Huyavuna yakiwa yamekauka kwenye bua, huyaanika juu ya turubai na si udongoni, hugeuza, huanika tena. Huyachambua kwenye ungo akiimba, na punje yenye doa hairudi. Huyafunga kwenye magunia yasiyopitisha hewa na kuyapandisha juu ya mbao. Sidhani kuna mahindi safi kuliko yale kati ya Migwani na Mwingi, na waliowahi kuyala ni mume wake, watoto wake wanapokuja likizo, na wageni wasiojua kitu kama mimi.

Sufuria yake kubwa, ile ya mwethya, ilikuwa imekaa bila kazi. Kowsar ndiye aliyeipatia nyingine.

Alikuja miaka michache iliyopita akitafuta mtu wa kumwoteshea uyoga juu ya mahindi mabaya, kwa utafiti. Alizunguka vijiji vingi. Watu walimsikiliza kwa adabu na kumtolea chai. Nthenya alimsikiliza, akauliza, "Sumu itaisha?" Kowsar akajibu, "Sehemu kubwa, tukibahatika. Ndilo ninalotaka kujua." Nthenya akasema, "Mimi pia," akaenda kufagia kibanda cha mbuzi wake wawili waliokuwa wameuzwa.

Basi alianza kupita nyumba kwa nyumba akiomba mahindi yaliyooza, na hapa kuna jambo lililomchekesha mpaka kiganja kikachoka: watu wasiogusa chakula chake walimpa uozo wao kwa furaha. Huuponda pamoja na magunzi, huuchemsha kwenye ile sufuria, huujaza mifukoni na kupanda mbegu ya uyoga inayotoka Kibwezi. Kisha huning'iniza mifuko kizani. Baada ya muda nyuzi nyeupe hutambaa ndani kama sufi, na mwishowe uyoga hutokeza pembeni, mwembamba, mwenye umbo la sikio. Kila asubuhi Nthenya huingia na kuusalimu.

"Mmeamkaje? Mmekula?"

Uyoga ule hauuzwi wala hauliwi. Unakaushwa na kupelekwa maabara, na masalia ya mifuko yanamwagwa shimoni nyuma ya kibanda yakisubiri majibu. Hilo Kowsar alilisisitiza kwa vidole.

Jioni moja nilikuwa nao kibandani, na Nthenya aliuliza jambo ambalo nadhani alikuwa ameliuliza mara nyingi, kwa kuwa Kowsar alilijibu kama mtu anayerudia hadithi kwa mtoto anayeipenda.

"Huyu uyoga alifundishwa na nani kula sumu?"

"Na njaa, mwaitu. Kwao ni kwenye miti iliyokufa. Na mti hautaki kuliwa, umejijaza vitu vigumu na vichungu. Uyoga hauna mdomo. Unatema mate nje, mate yanakatakata chakula, halafu unakunywa supu. Yale mate tunayaita vimeng'enya. Zamani za kale, uyoga ambao mate yao hayakuweza mti walikufa njaa. Walioweza ndio mababu wa huu."

"Na mate makali waliyapata wapi?"

"Kwa kukosea. Kila kizazi kinanakili maagizo ya kutengeneza mate kutoka kizazi kilichotangulia. Safari nyingine kinanakili agizo moja mara mbili. Nakala ya kwanza inaendelea na kazi ya kila siku. Ya pili haina kazi, kwa hiyo inaweza kuharibika bila mtu kufa. Nyingi zinaharibika kabisa. Lakini ikitokea moja imeharibika vizuri, inakata kitu ambacho hakuna aliyekikata."

Nthenya akafikiri. "Ni kama kuwa na majembe mawili. Moja unalima, hili lingine unaweza kulikunja uone."

"Hivyo hivyo. Miaka mamilioni ya kukunja majembe."

"Na hii sumu ya mahindi?"

"Hiyo sumu uyoga hauijui hata kidogo. Umbo lake linafanana kidogo na vitu vilivyo kwenye mti. Mate yanaikata tu."

"Anafikiri ni mti."

"Anafikiri ni mti."

Nthenya akacheka, kiganja mdomoni. Halafu akasema, bila kucheka, "Kwa hiyo hana huruma."

"Hana. Ana njaa."

"Njaa tu."

"Na muda mrefu," akasema Kowsar.

Ni Kowsar huyuhuyu aliyewahi kuharibu mambo kwa nia njema. Alipoelezwa habari za Kisilu, alisimama kwenye mkutano wa mwethya akasema kisayansi kwamba mlo wa siku moja kwa kawaida hauui hivyo. Mtu huumwa kwa kula mahindi yale siku baada ya siku. Kisilu alikuwa ameila sumu majuma mengi kabla ya sahani zile mbili. Alidhani amemfungua Nthenya. Watu waliinamisha vichwa. Katunge aliinuka akaondoka, na kuanzia siku ile, aliyekuwa akimsalimia Nthenya kwa maneno akawa anamsalimia kwa kidevu.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa nilipofika, na mvua za Novemba zilikuwa karibu, na siku ya Nthenya ya mwethya ilikuwa imeshatajwa kanisani.

Katunge ana beberu mweupe anayeitwa Mheshimiwa, kwa kuwa huingia kila boma bila hodi na hatoki mikono mitupu. Asubuhi moja tulisikia Gedion akiita kutoka nyuma ya kibanda, kwa utulivu wake, kama mtu anayetangaza kwamba chai imechemka. "Mama Mbithi. Mheshimiwa yuko ndani ya shimo."

Alikuwa ndani kweli, amevunja ua wa miiba, amekula masalia ya mifuko ya uyoga mpaka tumbo limejaa kama ngoma. Alitutazama akitafuna.

Nthenya alikaa chini palepale. Aliyoyasema hayakuwa marefu. "Sasa nimemuua na mbuzi wake."

Alikwenda mwenyewe kumwambia. Sikuwapo huko chini, lakini niliwaona wakipanda mlima, Katunge mbele, mrefu, mkavu, leso imefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda kuzima moto, na Nthenya nyuma yake. Katunge alimkagua mbuzi macho, ufizi, mkia. Gedion akajitolea kumteremsha hadi nyumbani kwake.

"Hatoki hapa," Katunge akasema. "Alikula hapa. Atatoka akitembea ama atatoka akiwa ngozi."

Akavuta kigoda chini ya mkwaju wa uani, akakaa.

Kowsar alipigiwa simu Kibwezi. Alisema majibu ya maabara yangetoka karibuni, alisema wasimpe maji mengi kwa mara moja, halafu kwa kuwa ni binti wa mnunuzi wa mbuzi, akampigia baba yake na kuunganisha simu. Sauti ya Mzee Duale ilijaa ua mzima.

"Anacheua?"

Katunge akamtazama mbuzi. "Anacheua."

"Basi mnamlilia nini? Mbuzi akicheua bado ana mipango. Akiacha, nipigieni, nitawapa bei ya ngozi."

"Mzee, huyu ni mbuzi wa marehemu bwanangu. Nyanya yake huyu alikuwa wa bwanangu."

Mzee Duale alishusha sauti. "Samahani, mama. Endelea kumtazama. Atakuwa mzima."

Katunge aliendelea. Siku hiyo alikula viazi vitamu alivyokuja navyo kwenye kopo. Mchana Nthenya alimletea sahani ya muthokoi, akaiweka kwenye jiwe kando ya kigoda bila kusema neno, na jambo hilo peke yake lilinishangaza. Jioni aliichukua ikiwa baridi. Kesho yake Katunge alirudi alfajiri, Mheshimiwa akacheua, sahani ikaja, sahani ikarudi. Wanawake wawili waliogawana kisima na kanisa maisha yao yote walikaa ua mmoja wakimtazama mbuzi, mmoja akichambua mahindi kwenye ungo, mwingine akisuka kiondo. Nthenya hakuimba.

Siku iliyofuata viazi vya Katunge vilikuwa vimekwisha mapema. Au hakuvibeba. Alikuwa akitazama ungo.

"Unachambua hivyo kila siku?"

"Kila siku."

"Hiyo ni nzuri, umeitupa."

"Ina doa."

"Wapi?"

Nthenya akaiinua ile punje. Katunge akaisogeza karibu na macho, kisha mbali, kisha akairudisha kwenye rundo la kutupwa.

"Yangu mwaka ule yalikuwa na madoa kuliko hayo," akasema. "Nusu gunzi kijani. Nilikuwa nikiyasugua na majivu." Vidole vyake viliendelea na kiondo. "Yule binti wa mzee wa mbuzi alisema ni siku baada ya siku. Kisilu kwako alikula siku moja."

Nthenya alisimamisha ungo.

"Siku zile zingine alikuwa akila kwa nani, Mama Mbithi? Kama si sufuria yako, ni yangu." Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya chumvi. "Kwa hiyo nilitaka iwe yako."

Gedion alikuwa akifunga mtungi kwenye punda. Aliacha kamba ilivyo, akaingia ndani.

"Yalikuwa mahindi yaleyale," Nthenya akasema baadaye sana. "Tulinunua pamoja. Tuligawana gunia, umesahau? Wewe ulibeba upande wa mshono."

"Sijasahau."

Mheshimiwa akatoa mbweu ndefu iliyosikika mpaka barabarani, akalala ubavu, akaendelea kucheua. Nthenya alianza kucheka, mkono ukaenda mdomoni, na Katunge akasema, "Toa huo mkono, sisi wote tunajua hilo pengo," na yeye pia mabega yakaanza kutikisika.

Mchana sahani ilikuja. Nilijifanya nasoma. Katunge aliitazama ikiwa kwenye jiwe. Aliinusa. Alichota kijiko kimoja, akakiweka mdomoni, akatafuna pole pole kama mbuzi wake. Nthenya alisimama mlangoni na mwiko, kama alivyosimama siku niliyofika.

Hapohapo akaingia Mulinge, mwenyekiti wa mwethya, anayetembea haraka na kuongea kabla ya kufika, akamwita Katunge kwa jina la mwanawe. "Hodi. Mama Nzuki, nimekutafuta kwako. Ni ile siku ya hapa kwa Mama Mbithi. Watu watalima asubuhi, halafu tunateremka kwako kula, kama kawa—"

Aliona sahani. Akaona kijiko. Alitazama mbuzi, akanitazama mimi, akakosa pa kuweka macho, akavua kofia.

Katunge alimeza. "Hakina chumvi," akasema.

"Nimeweka," Nthenya akajibu mara moja.

"Umeweka ya mtu mmoja. Watu wakilima wanatoka jasho, Mama Mbithi, siku yako uongeze." Akachota kijiko cha pili. "Mulinge, kaa chini, unanizibia mbuzi."

Majibu ya maabara yalifika jioni ile kwa simu. Sumu kwenye masalia ilikuwa imepungua sana, lakini haikuwa imekwisha yote, na Kowsar alirudia kwamba yasipewe mnyama yeyote mpaka ajue zaidi. Nthenya alimsikiliza, akamshukuru, akamwambia aje siku ya mwethya na aje na njaa. Mheshimiwa aliondoka kwa miguu yake na kula kitambaa cha meza cha kanisa njiani.

Tatizo lililobaki lilikuwa sufuria. Ile kubwa ya Nthenya ilikuwa ya kuchemshia mahindi mabaya sasa, na hata yeye asingethubutu kupikia watu ndani yake. Nilikuwa nimefunga mkoba wangu asubuhi ya siku ya mwethya, nikingoja gari la kwenda Kitui, nilipoona toroli ikipanda mlima. Mulinge alikuwa akiisukuma, akilalamika. Ndani yake sufuria ya Katunge ilikuwa imelala chali, kubwa kama beseni la kubatizia, nyeusi upande mmoja kwa moto wa miaka yote ile, na Katunge alitembea kando yake, ameshikilia ukingo isidondoke, na mkono mwingine umebeba pakiti ya chumvi.

Niliuweka mkoba chini. Magari ya Kitui hupita kila siku.